Ahmadi Aacha Nailoni

Stendi ya mabasi ya Mbeya ilikuwa imefurika abiria asubuhi ile Ng'washi alipogongana mlangoni mwa hoteli na kijana mwenye furushi la mifuko ya nailoni. Mifuko ikatawanyika chini.

"Samahani, dada."

"Mimi si dada yako. Naitwa Ng'washi."

"Basi samahani, Ng'washi. Mimi Ahmadi, nimetoka Iringa." Alivaa suruali ya bugaluu iliyopanuka chini na shati la maua, nywele zinang'aa mafuta.

Ng'washi, binti wa wafugaji wa Rujewa, alikuwa mpishi katika hoteli ya Mama Tupokigwe pale stendi. Mpaka siku hiyo wasafiri walifungiwa wali kwa majani ya mgomba. Ahmadi, aliyetumwa na duka la Iringa kuuza bidhaa zake, akamshawishi Mama Tupokigwe achukue nailoni na vikombe vya plastiki, na kila alipoleta mzigo mwingine akajikuta jikoni.

"Unanukia vitunguu, mpenzi."

"Na wewe unanukia duka."

Akirudi Iringa alimpigia simu kwenye duka la jirani, wakacheka mpaka mwenye duka akakohoa.

Halafu simu zikakoma. Ng'washi akaenda posta, akapiga namba ya Iringa aliyoachiwa na Ahmadi. Akapokea mwanamke.

"Mimi Mwantumu. Ahmadi ameacha kazi, yuko Kilwa. Nimwambie nani kapiga?"

Ng'washi akakata simu. Mwantumu ndiye nani? Alikaa na swali hilo siku nyingi, akaunguza wali, mwishowe akapanda basi la Iringa, huenda Ahmadi amesharudi, hajui anakwenda kumbembeleza au kumtukana.

Watu wakamwelekeza, akamkuta Ahmadi kwenye hoteli ndogo karibu na soko, kanga kiunoni, anafunga wali kwa majani. Kando yake mwanamke mnene alikuwa akikaanga samaki.

"Huyo ndiye Mwantumu?"

"Dada yangu. Hoteli ni yake."

Ng'washi akakosa pa kuweka macho. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilikwenda Kilwa kumzika baba mdogo. Wavuvi wakavuta nyavu, zimejaa nailoni. Wakapasua kasa aliyekufa, tumboni mna mfuko kama niliokuwa nauza. Nikaacha kazi hukohuko. Sasa sina mshahara, nikaona haya kukupigia."

"Uliniacha kwa ajili ya kasa?"

"Sikukuacha. Sikujua nianzie wapi."

"Lakini Mbeya hakuna bahari, Ahmadi."

"Abiria wakimaliza kula wanaitupa mifuko dirishani. Ikiingia Ruaha, kule kwenu Usangu, inapita huku, inaingia Rufiji, inafika baharini."

Ng'washi akamtazama. Mikono iliyozoea kushika mifuko mipya sasa ilikuwa na utomvu wa mgomba. Alitaka kucheka, alitaka kulia.

"Utakubali nikuoe hivi nilivyo?" Ahmadi akauliza kwa sauti ya chini.

"Mama Tupokigwe ulimzoesha nailoni wewe. Kamwambie mwenyewe aache. Kisha twende Rujewa kwa baba."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Sijui ni nini. Ila leo sirudi bila wewe."