Dumu Lililojikunja

Kwandu wa Nkoma aliosha dumu la mafuta ya alizeti kwa maji ya moto. Akayamwaga, akakaza kifuniko ili mende wasiingie. Akaliweka kivulini, karibu na mama mkwe wake, Nyanjige, aliyekuwa akipepeta mtama.

Punde likalia, "Ko! Ko!" Mbavu zake zikaingia ndani, kama limeminywa kwa mikono.

Kwandu alikodoa macho. "Mayu, mama yangu, umeligusa?"

"Mimi? Hata!"

Kesho yake akaosha jingine. Nalo likajikunja. Nyanjige alikuwa palepale.

Mume wa Kwandu, Mahona, aliyageuza madumu yote mawili. Hakuona ufa.

"Watu wameshaanza kumsema mama," alinong'ona. "Eti ni mchawi, kwa kuwa macho yake mekundu."

"Ni moshi wa jikoni," Kwandu alijibu. Lakini hakujua aamini nini. Mkwewe alimlelea watoto wote. Mbona sasa yeye anamwogopa? Mchana ule Nyanjige alikula peke yake.

Baadaye jirani yao, mwalimu Monika, alikuja kuazima ungo. Akaliona dumu.

"Ulilifunga likiwa na joto?"

"Ndiyo. Kwani?"

Monika akafungua kifuniko. "Fyuu!" Mbavu zikaanza kurudi. Kwandu akaruka nyuma.

"Ni hewa inaingia," Monika alisema.

"Hewa inakunjaje dumu?" Mahona aliuliza. "Mbona sielewi?"

"Hewa ikipata joto hutanuka, nyingine hutoka nje. Ukifunga, iliyobaki ndani inapoa, mvuke nao unageuka maji. Msukumo wa ndani unapungua. Hewa ya nje inalibana dumu."

"Na hewa iliyofungwa ikipashwa moto?" Mahona aliuliza tena.

"Inasukuma kwa nguvu. Ndiyo maana kopo la dawa ya mbu halitupwi motoni, hata likiisha. Linaweza kulipuka likaumiza watu. Dumu nalo, liache lipoe kwanza, ndipo ulifunge."

Mahona alitoka kwenda kuwaeleza majirani. Kwandu akaingia kwa mkwewe. Alimkuta akifunga nguo kwenye kanga, aende kwa bintiye, kijiji cha Bukundi.

"Mayu, nisamehe. Ilikuwa hewa tu."

"Hewa?" Nyanjige akaketi taratibu. Machozi yalimlengalenga. "Nami nilishaanza kujiuliza kama ni mimi."

Kwandu akalifungua furushi, akazirudisha nguo moja moja kwenye kamba. Kisha akamshika mkono, wakaenda kula pamoja.