Kidonda Alichokizoea Baba

Kila jioni baba alirudi kutoka kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma, akanawa mikono, kisha akaketi kwenye benchi la jikoni na kupandisha mguu wa suruali. Hapo binti yake alijua kazi yake. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata wakati wa kula. Alileta beseni la maji safi ya vuguvugu, akafungua bandeji na kusafisha kidonda kilichokuwa kwenye muundi wa baba. Kipande cha chuma cha moto kilimwangukia hapo kabla Chiriku hajaanza shule. Tangu hapo kidonda kilifunga kidogo, kikachimbuka tena, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa nyekundu na yenye joto siku zote.

"Huyu ni mpangaji wangu," baba alipenda kutania. "Tumeshazoeana."

Halafu akaja binamu. Mama yake alikuwa amepata kazi ya mbali, naye akaletwa kukaa kwao. Alikuwa msichana mkimya, wa rika moja na Chiriku, mwenye mikono myepesi. Siku moja Chiriku alichelewa kurudi kutoka mchezoni, binamu akafunga kidonda badala yake.

"Lo! Sijasikia hata maumivu," baba alisema. "Kuanzia leo wewe ndiye daktari wangu."

Chiriku aliyasikia maneno hayo akiwa mlangoni, bado anahema. Roho ilimuuma. Tangu siku hiyo kila kitu cha binamu kilimkera: jinsi alivyokunja shuka, jinsi alivyosema "asante, mama mdogo", hata jinsi alivyokohoa. Baba akimsifu binamu, Chiriku alinuna, akasukuma sahani na kusema ameshiba, huku tumbo likinguruma.

Jioni moja binamu alimfuata uani.

"Kidonda cha baba mdogo kimebadilika," alinong'ona. "Ukingoni pameota kinundu kigumu, na nikikigusa tu kinatoka damu. Nimwambie mama mdogo?"

Chiriku alishtuka, lakini wivu ukawahi kujibu. Akisema, atasifiwa mpaka tuchoke, aliwaza.

"Nyamaza," alisema. "Baba hapendi habari za hospitali. Atadhani unamwonea kinyaa, akurudishe ulikotoka."

Binamu aliinamisha kichwa. Hakulisema tena.

Siku zikapita. Jumamosi moja, binamu akiwa anafua, Chiriku alinyakua beseni akaifungua bandeji mwenyewe. Harufu nzito ilimpiga puani. Kinundu kilikuwa kimekua, kingo zake zimeinuka kama uyoga. Alimkimbilia mama.

"Mama, njoo! Nimeona kitu kwenye mguu wa baba!"

Hospitalini, daktari alimpiga baba ganzi, akakata kipande kidogo cha kinundu ili kipimwe. Majibu yalipotoka, wote wanne walikwenda kuyasikia.

"Ni saratani ya ngozi," daktari alisema. "Lakini haijasambaa. Tutaikata."

Baba aliutazama mguu wake. "Saratani? Kutokana na kidonda tu?"

"Kidonda cha miaka mingi," daktari alijibu. "Mtu akiumia, mwili hupeleka walinzi wake mahali pale. Panavimba, panakuwa pekundu na pa moto. Hiyo ni kawaida, na kidonda kikipona walinzi huondoka. Chako hakikupona, kwa hiyo vita haikuisha. Seli za ngozi ziliharibiwa, na nyingine zikazaliwa kwa haraka kuziba pengo, mwaka hadi mwaka. Katika haraka hiyo makosa huingia. Seli yenye kosa ikianza kuzaana ovyo bila kutii mwili, ndiyo saratani. Si kila kidonda huishia hapo, wala ugonjwa huu hauambukizi. Nani aliyeona mabadiliko haya?"

Baba aliweka mkono begani mwa Chiriku. "Huyu hapa, binti yangu. Macho yake makali!"

Sifa alizokuwa akizitamani zilikuwa zimefika. Binamu alitazama sakafu.

"Si mimi," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Yeye aliona kwanza. Nilimtisha asiseme. Sikutaka umsifu tena, baba."

Baba aliuondoa mkono wake taratibu. Chiriku akamgeukia binamu huku machozi yakimtoka. "Nisamehe."

"Nilijua umeninunia," binamu alisema. "Nilidhani ni kwa sababu nakoroma."

Hata daktari alicheka.

Baba alifanyiwa upasuaji, wakachukua ngozi kutoka pajani kuziba pale palipokatwa. Kidonda kikafunga, safari hii kabisa, na vipimo vikaonyesha saratani yote imetolewa. Siku ya kuruhusiwa, aliwaketisha wasichana wote wawili kando ya kitanda chake.

"Mimi ndiye niliyeanza kukosea," alisema. "Nilikizoea kidonda na kukifanyia mzaha wakati kilitaka daktari. Kidonda kikigoma kupona, kikapimwe mapema. Na wewe, Chiriku, mwenzako alipokuja, mapenzi yangu kwako hayakupungua hata kidogo. Wivu ukikubana, njoo unigombeze mimi. Usimzibe mtu mdomo anapotaka kusema jambo la kweli, maana safari hii ungeweza kunipoteza."