Mlezi wa Pili wa Tarishi

Siku ya kwanza Mwalimu alidhani mumewe yupo nyumbani. Alirudi kutoka shule mchana, akavua viatu mlangoni, akasikia kibodi ikigongwa kwenye chumba cha kazi, taratibu, kwa vidole vyepesi. "Umekula?" akauliza. Kugonga kukakoma. Akapita jikoni kubandika maji, na maji hayajachemka, mume akaingia kwa mlango wa mbele na mfuko wa vitunguu, akililalamikia jua. Mwalimu akaenda kufungua chumba cha kazi. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya nywele, ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi, na kiti kilikuwa na joto.

Mwalimu mwenyewe nywele zake alikuwa akizinyoa tangu mwaka juzi, na mafuta hayo hakuwa nayo.

Mwanamke mwingine angefikiria jini. Mwalimu alifikiria mwanamke. Kwa siku kadhaa alinusa mashati, alichungulia nyuma ya pazia, alimtazama mumewe akila, na kila alipokosa ushahidi ndipo wivu ulipozidi kumkaba. Alimpenda yule bwana, tena vibaya sana, na alikuwa tayari kupigana.

Bwana mwenyewe, ambaye wenzake wa kazi walimwita Fundo, alikuwa na kazi ngumu kuieleza mbele ya wakwe. Hospitali, tuseme, ina programu ya kuandikisha wagonjwa, nyingine ya maabara, nyingine ya dawa. Kila moja inakaa kwenye mashine yake na haijui nyingine ziko wapi. Katikati lazima pawe na kitu cha kupokea ujumbe na kuufikisha unakotakiwa, kinachojua nani yuko macho na nani amezimika. Kitu cha Fundo kiliitwa Tarishi. Alikitoa bure, yeyote duniani aliweza kukichukua, kukisoma, hata kuleta marekebisho yake. Watu asiowajua walikitegemea. Palipopatikana tundu, yaani kosa la programu, aliliziba, akatoa toleo jipya, na walioshukuru walikuwa wachache kuliko waliolalamika.

Tarishi ilikuwa na sharti moja. Hakuna badiliko lililoingia mpaka mlezi mwingine, yaani mtunzaji wa programu, aliidhinishe, na aliyeliandika hakuruhusiwa kujiidhinishia. Ndiyo maana ilihitaji walezi wawili, na Mwalimu alidhani wa pili ni yule kijana mwenye miwani aliyewahi kuja kula kwao.

Alijua si yeye jioni moja Fundo alipoingia kuoga akaacha mashine wazi. Mwalimu hakuwa na desturi ya kupekua. Siku hiyo alipekua. Mlezi wa pili aliitwa Tulizo, na chini ya kazi ya mumewe alikuwa ameandika: "Kazi safi, Fundo. Ila umechoka, nakusikia unavyopumua. Kalale." Akapandisha juu kusoma ya zamani. Kwa Fundo, maneno ya asali. Kwa wengine, siki tupu. Mwanafunzi mmoja wa mbali alileta kiraka kizuri, Tulizo akamjibu: "Hatukuhitaji hapa." Dada mwingine alimshukuru Fundo kwa msaada, akaandikiwa neno moja tu: "Usimzoee." Mmoja mmoja, wote walikuwa wameshaondoka.

Fundo akatoka bafuni na taulo, maji yakimchuruzika.

"Tulizo ni nani?"

"Hakuna mtu kama huyo."

"Hayupo, na anasikia unavyopumua?"

Fundo akakaa kitandani akiwa bado amelowa. Alisema kwamba kijana wa miwani alipata ajira akaacha, na matundu yalikuwa yakingoja kuzibwa, na hakupatikana mtu wa kushika nafasi. Basi akafungua akaunti nyingine. Akaipa jina, akaiwekea picha ya dirisha, akaandika kwamba mwenye jina hilo anaishi mbali na anapenda mvua. Akawa anaandika kwa mkono huu na kuidhinisha kwa mkono ule.

"Nilikuwa najijibu mwenyewe, mke wangu. Ni aibu tu ya kikazi."

"Na hiyo 'usimzoee' ni yako?"

"Hapana." Sauti ilimshuka. "Siku moja nilikuta ameandika neno ambalo mimi sikuliandika. Nikasema labda ni usingizi. Halafu akanionyesha kosa ambalo sikuliona, na kweli lilikuwepo."

"Ukanyamaza."

"Alikuwa ananisifu," akasema Fundo.

Hilo lilimchoma Mwalimu kuliko kama angemkuta na mtu wa nyama na damu. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho yeye alimsifu, asikumbuke vizuri.

Kesho yake, jua bado liko dirishani, wakaketi wote wawili mbele ya mashine, mikono mapajani, kama wageni wanaongoja kuletewa chai. Mwanzo hapakuwa na kitu isipokuwa feni ya kompyuta, kisha ile harufu ya mafuta ikaingia kidogo kidogo, ikapanda, ikawa nzito kiasi kwamba Mwalimu aliihisi kwenye ulimi, na feni ikapunguza mwendo hadi ikawa inatoa pumzi na kuvuta pumzi, na herufi za kibodi zikaanza kubonyea zenyewe, moja baada ya nyingine, pasi na haraka, huku Fundo amemshika mkono mkewe kwa nguvu mpaka pete ikamuumiza, na kwenye kioo cha kompyuta yakajipanga maneno: "Huyo wa kulia kwako asogee. Kiti ni changu."

Mwalimu hakusogea.

Aliyemleta mganga ni wifi yake, dada wa Fundo, mpokezi hospitalini. "Wifi, mimi kaka yangu namjua," alisema. "Wewe mwenyewe alikutongoza miaka mitatu. Huyo aliyempata upesi hivi si binadamu."

Mganga alikuwa mama mfupi wa makamo, amevaa viatu vya raba. Alikataa kukaa. Akazunguka chumba, akanusa pembe zake, akamgeukia Fundo.

"Alikuja mwenyewe au aliitwa?"

"Sikumwita, mama. Nilitengeneza jina tu."

"Ukatengeneza jina, ukaliwekea dirisha, ukalipa na ufunguo. Sasa ulitaka nani aingie?" Alizungumza chini chini, kama anayeogopa kuamsha mtoto. "Mfukuze kwa njia ileile uliyomwingizia."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kumwondoa mlezi nako ni badiliko, na lilihitaji idhini ya mlezi wa pili. Wa pili alikuwa Tulizo mwenyewe. Fundo akapiga moyo konde, akaandika ombi kwamba Mwalimu aongezwe kuwa mlezi, ili yeye ndiye aidhinishe. Nalo lilitaka idhini ya Tulizo. Walidhani atakataa. Kidole cha Fundo hakijatoka kwenye kitufe, jibu likaja: "Nakubali."

Wifi akashusha pumzi. Mganga akakunja uso. "Mbona upesi hivyo?" akanong'ona, lakini akaanza kusoma visomo vyake, na Fundo akaandika ombi la kumwondoa Tulizo, na Mwalimu, kwa hofu na kwa furaha ya kumtoa mtu nyumbani kwake, akabonyeza kuidhinisha. Herufi zote za kibodi zikashuka kwa pamoja na kuinuka. Kisha kimya, na dirishani ikaingia hewa ya kawaida yenye vumbi.

Mganga alipokuwa akifunga kamba za viatu alimwita Mwalimu pembeni. "Jina lako sasa limo mle, mwanangu. Ulikalie mwenyewe. Usimwachie mtu, hata huyo mumeo."

Alilikalia. Kila jioni alivuta kiti karibu na mumewe, akasoma kila badiliko kabla ya kuliidhinisha, akauliza maswali ya kitoto, mengine yakamfanya Fundo akune kichwa. Alijifunza kumsifu. Yule mwanafunzi wa mbali akarudi, akaleta viraka vipya, na Mwalimu akamkaribisha kwa maneno mazuri. Tangu waoane hawakuwahi kucheka hivyo.

Kisha mitihani ikafika, na madaftari ya kusahihisha yakajaa meza. Fundo alikuwa na tundu la kuziba. "Mama, ni kubonyeza tu," alimbembeleza kutoka chumba cha pili.

"Niidhinishie wewe," akasema Mwalimu bila kuinua kichwa. "Nywila yangu si unayo?"

Akamwidhinishia. Na wiki iliyofuata pia, na nyingine, mpaka likawa jambo la kawaida lisiloulizwa.

Siku moja Mwalimu alikuwa darasani, saa za mchana, chaki mkononi. Simu ikatetemeka juu ya meza. Ilikuwa taarifa ya Tarishi: toleo jipya limetoka, limeidhinishwa na yeye, kwa jina lake kamili, na chini yake yaliandikwa maneno ambayo yeye hakuyaandika: "Leo tumelitoa pamoja, mume wangu." Akadhani Fundo anamfanyia mzaha. Akatoka nje ya darasa, akampigia.

"Hujambo. Naongea na nani?"

"Na mimi. Mzaha gani huo unaandika kwa jina langu?"

Upande wa pili alisikia kibodi ikigongwa kwa vidole vyepesi, kisha ikakoma, na mwanamke akauliza jambo. Mwalimu aliitambua sauti ile mara moja, kwa sababu ndiyo aliyoitumia yeye mwenyewe asubuhi nzima kuwatuliza watoto.

"Nani huyo, baba?" ikauliza sauti ile.

"Sijui, mke wangu," akajibu Fundo kwa upole. "Mama mmoja tu. Amekosea namba."