Unga wa Shaba Ndani ya Maji

Kila alasiri Yumna alipovua sare ya shule, alikwenda kwenye karakana ya ami yake Taib, katika mtaa wa Kibokoni, akawasha jiko la makaa. Ami Taib alitengeneza madele, yale mabirika ya shaba ya kahawa, na vumbi la tupa yake lilikuwa laini kama unga. Mwalimu Kitsao alikuwa ameliuliza darasa la saba: je, maji yaliyotiwa unga wa shaba hupata moto haraka kuliko maji matupu? Ijumaa angechagua wawili waende kwenye maonyesho ya sayansi, na Yumna aliitaka sana nafasi hiyo.

Kila siku alibandika sufuria mbili, moja ya maji matupu na moja ya maji yenye unga, lakini vipimo vilimchezea. Jumatatu, maji ya unga yalitangulia. Jumanne yalichelewa. Jumatano hayakueleweka kabisa.

"Andika tu yametangulia," alisema Zakariya, mwenzake katika jaribio hilo. "Mwalimu hakai ndani ya sufuria."

Yumna akaandika namba nzuri za uongo. Akazitazama. Akazifuta kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

"Yumna, nimiminie kahawa," Ami Taib aliita. "Iache itulie kwanza, nisije nikanywa mashapo."

Yumna alishika dele, akasita. Kuiacha itulie: ndivyo alivyozoeshwa tangu utotoni, na ndivyo alivyoifanyia sufuria kila alipotaka kupima. Unga wote ulikuwa umelala chini. Mara kipimajoto kiliugusa, mara hakikuugusa.

Alhamisi walikoroga bila kukoma, kipimajoto kikining'inia katikati kwa uzi. Walirudia mara tatu. Mara zote tatu, tofauti ilikuwa ndogo mno, kama hakuna.

"Jasho lote hili, kumbe bure," Zakariya alinung'unika. Yumna akaandika kando ya tundu: unga hutuama; ukikorogwa, tofauti ni ndogo mno.

Ijumaa, Mwalimu Kitsao aliinua karatasi yao kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa penye tundu palikuwa na nini?"

"Uongo, mwalimu," Yumna alijibu polepole. "Niliufuta."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.

"Wenzenu wameniletea namba za kupendeza," alisema, "wala hakuna aliyeniambia kwamba unga hutuama. Hatupimi ili tufurahi, tunapima ili tujue. Aliyechoka, akakasirika, na bado akakataa kudanganya, huyo namwamini. Mtakwenda nyinyi wawili."

Yumna akanyoosha mkono. "Nitainakili upya, mwalimu, iwe safi."

"Usiinakili," alisema mwalimu, akamrudishia karatasi. "Nendeni nayo hivyo hivyo, na tundu lake."