Gauni la Kafa Ulaya

Mitumba iliporuhusiwa tena, soko la Musoma lilifurika. Mwanaharusi, fundi cherehani wa Nyasho, alikuwa akipenya kutafuta uzi, ushungi wake wa zambarau umemteleza mabegani. Shomari, mfanyabiashara wa Bunda, alikuwa amesimama juu ya robota lake la nguo akinadi. Alipomwona alisahau bei.

"Dada, chagua! Zote kafa Ulaya, wenyewe hawarudi!"

"Mimi nashoneaga walio hai," alijibu, akacheka bila kutaka.

Wakapendana, tena bila akili. Kila Ijumaa Shomari alipiga simu dukani kwa Alawi, jirani wa Mwanaharusi.

"Laazizi, harusi lini?"

"Nikipata nafasi, mpenzi. Kazi zimenizidi."

Uongo! Nafasi alikuwa nayo tele, ila aliona haya. Wateja wote walikuwa wamekimbilia mitumba, naye alikanyaga cherehani tupu ili majirani wasikie mlio.

Shomari aliamini, akamhurumia. Siku moja akamletea gauni jeupe la harusi, la lesi, kutoka robotani.

"Nimekupunguzia kazi, fundi wangu. Usijishonee."

Mwanaharusi alihisi amepigwa kofi. "Unamvishaje fundi nguo ya marehemu? Toka, Shomari! Na simu usipige tena!"

Simu iliita kwa Alawi, hakwenda. Alilia mpaka macho yakavimba. Unga ulipokwisha, akachukua mkasi.

Shomari alivumilia akashindwa, akapanda basi. Huko Nyasho akapishana na mtoto aliyevaa gauni jeupe. Akaitambua ile lesi. Mbele kidogo mtoto mwingine, lesi ileile. Alijua ameachwa.

Alimkuta barazani, akishona.

"Umelikata, Mwanaharusi."

"Nimelikata. Akina mama wameyagombania magauni ya watoto, wanataka mengine." Akasimamisha cherehani. "Nilikuwaga sina kazi, Shomari. Nakanyaga mashine tupu, nakudanganya."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na mitumba yako ndiyo imenimaliza?"

Shomari alipiga magoti vumbini, mtu mzima, watu wakimwona. "Basi naacha mitumba. Naacha leo."

"Ukiacha tutakula nini? Wewe leta robota, mimi nitakata." Akafuta machozi kwa upande wa kanga, akachukua futi iliyoning'inia shingoni. "Inuka nikupime kanzu. Bwana harusi wangu havai kafa Ulaya."