Mpikaji Huonja Kwanza

Kila asubuhi Edda alifagia uwanja, akachemsha chai, kisha akamtolea mumewe kiti nje. Mumewe, Octavian, alikuwa amevunjika mguu. Aliteleza na pikipiki kwenye barabara ya Bonga, na sasa mguu ulikuwa kwenye plasta, mweupe kama muhogo uliomenywa.

Akiwa pale kitini, Octavian aliliona shamba lake lote. Mbaazi zilikuwa zimekauka. Upepo ukipita, zililia kachakacha. Maganda mengine yalikwisha kupasuka, na punje zilikuwa chini.

"Mama Msafiri," alimwita mkewe, "zile mbaazi zinatucheka."

"Ziache zicheke. Jumamosi ya wiki ijayo majirani wanakuja kuvuna."

Huko kwao Sigino, mtu akipatwa na shida, majirani humvunia. Hawalipwi. Lakini mwenye shamba ana deni lake la heshima: chakula cha kushiba, na pombe iliyopikwa hapohapo nyumbani. Miaka yote pombe ya nyumba ile ilipikwa na mama yake Octavian. Sifa zake zilifika mpaka Bagara. Bibi huyo alifariki mwaka uliopita. Chungu chake kilibaki, na Edda alibaki, lakini Edda hakujua kupika pombe. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, na kwao hata neno pombe lilisemwa kwa sauti ya chini.

Hata hivyo, Edda hakuwa mwoga. "Nimepika ugali wa harusi mbili," alijisemea. "Uji wa pombe utanishindaje?"

Alinunua sokoni kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa. Alikoroga uji wa mahindi, na ulipokuwa unatokota, akamimina kimea chote. Akafunika chungu, akangoja. Siku ya pili chungu kilikuwa kimya. Siku ya tatu alifunua, akakuta kitu cha kijivu kinachonuka kama maji ya kuoshea vyombo.

Octavian alionja kidogo, akatoa ulimi. "Hii hata nguruwe ataomba udhuru."

Edda alicheka, kisha akahesabu siku. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Majirani wakikuta pombe mbovu, hawatatukana. Watakumbuka tu, mmoja baada ya mwingine, kwamba na wao wana kazi nyumbani. Na mbaazi zitabaki kwa ndege na mbuzi. Mbaazi zile ndizo zilikuwa pato la mwaka mzima la nyumba yao.

Alijifunga khanga, akaenda kwa jirani yake, Bibi Jovita. Bibi huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa. Tena alikuwa mpikaji wa pombe wa siku nyingi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo. Mgonjwa ni chungu."

Edda alieleza yote. Jovita alisikiliza, kisha akauliza, "Kimea ulikitia lini?"

"Uji ukichemka. Nilitaka kiive."

Jovita alicheka mpaka akashika mlango. "Ole wangu! Umekiua! Kimea ni kitu hai, mwanangu. Moto mkali unakiua. Kikifa, nani atafanya kazi mle ndani?"

"Kumbe!"

"Ndiyo. Usijali, hakuna aliyezaliwa anajua. Siku zinatosha. Tuanze na kimea chenyewe, ukitengeneze kwa mikono yako. Nenda dukani kwa Halidi ukachukue ulezi."

Halidi alikuwa mwenye duka pale kona. Ni Mwislamu, pombe hanywi wala hauzi. Alipima ulezi, akamtazama Edda.

"Mama Msafiri, mimi nakuuzia ulezi wa uji. Ukifika kwako ukibadilika, mimi sikuwepo."

"Jumamosi unakuja kuvuna lakini?"

"Kuvuna nakuja. Kunywa ndiyo hapana."

Kazi ikaanza. Jovita alikaa kwenye kigoda uwanjani kwa Edda, Edda akafanya mwenyewe. Aliosha ulezi mpaka maji yakatoka safi. Akauloweka mchana na usiku. Akauchuja, akautandaza ndani ya kikapu safi, akaufunika kwa kitambaa chenye unyevu. Asubuhi na jioni aliunyunyizia maji. Siku ya tatu, kila punje ilikuwa imetoa mkia mdogo mweupe.

"Mkia ukilingana na punje, inatosha," alisema Jovita. "Sasa anika juu ya mkeka, mbali na kuku. Ukauke kabisa."

Ulezi ulipokauka, Edda aliupekecha, akautwanga. Kimea kilinukia vizuri. Akaingia ndani kuchukua mahindi ya uji. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia lililotengwa peke yake. Alilivuta mpaka uwanjani.

Jovita aliinua mkono. "Hayo ni mahindi gani?"

"Haya ni ya pombe, bibi. Yalinyeshewa na mvua kabla hayajakauka. Mazuri tunasaga unga."

Jovita alichota kiganja kimoja. Punje nyingine zilikuwa na ukungu wa kijani, nyingine nyeusi. Aliyarudisha, akafunga gunia.

"Haya hayafai."

Octavian alisikia kutoka kwenye kiti chake. "Bibi Jovita, hapo sasa unatuonea! Tangu enzi za mama, mahindi mabovu ni ya pombe. Yanachemka, yanachacha, ubaya wote unakwisha."

"Baba Msafiri, mama yako nilimpenda, na mimi mwenyewe nilifanya hivyohivyo miaka mingi. Hatukujua. Mpaka tulipofundishwa kwenye semina. Huu ukungu unatoa sumu. Wanaiita sumukuvu. Sumu hii haionekani. Moto wa jikoni hauiondoi. Kuchacha hakuiondoi. Ukiipika, umeipasha moto tu."

"Inafanya nini?" aliuliza Edda.

"Inakula ini. Ikiwa nyingi, inaua kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo, inakusubiri miaka."

"Basi tuchambue," alisema Octavian. "Tutoe zile za kijani."

"Punje iliyo nzuri kwa macho nayo inaweza kuwa na sumu, maana zimelala kitanda kimoja."

"Basi tuwape kuku!"

"Kuku naye ana ini. Na mayai unakula wewe."

Octavian akanung'unika, "Gunia zima, bibi! Na mazuri yenyewe ni ya chakula."

Edda alisimama katikati, gunia upande huu, mume upande ule. Jovita hakupandisha sauti. Alimwuliza jambo moja tu.

"Mama Msafiri, Jumamosi, kabla wageni hawajanywa, nani anaonja?"

Edda alijua. Kila mtu alijua. Mpikaji hupiga magoti mbele za watu, hunywa funda la kwanza, kuwaonyesha kwamba pombe yake haina ubaya.

"Ni mimi," alisema.

"Basi. Ukijua ulichokijua leo, utaonja?"

Edda alichukua jembe, akaenda nyuma ya choo, akaanza kuchimba shimo. Octavian alimtazama anavyochimba. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Lifanye refu, mbwa wasifukue."

Mahindi mabovu yakazikwa. Edda akachota yale mazuri ya chakula, akasaga, na Jumatano akabandika uji.

Ulipoiva, aliuepua. "Sasa?" aliuliza.

"Subiri upoe. Tia kidole safi. Ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kukitoa, tia kimea nusu."

Edda alitia kidole. "Moja, mbili... aah!"

"Bado. Haraka ya nini? Chungu hakina miguu."

Baada ya muda alijaribu tena. Alifika tano. Akatia nusu ya kimea, akakoroga. Jioni alionja. Uji ulikuwa mtamu, ingawa sukari haikutiwa hata chembe!

"Hiyo ni togwa," alisema Jovita. "Haina kilevi ikinywewa mapema. Ijumaa upike sufuria nyingine ya togwa. Itakuwa ya Halidi, na watoto, na kina mama wajawazito. Na ya huyu bwana wa plasta. Dawa na pombe havikai tumbo moja."

"Nimesikia," alisema Octavian.

Kesho yake uji ulikuwa umepoa kabisa. Edda alitia kimea kilichobaki, akaweka akiba kidogo ya togwa, akafunika chungu kwa kitambaa safi.

"Usikibane na mfuniko," alionya Jovita. "Pombe inapumua. Ukiibana itapasua chombo. Na ndoo ya dawa ya mifugo usiitumie kamwe, hata ukiiosha mara mia."

Ijumaa chungu kilianza kusema. Kilisema puku, puku, puku. Edda aliinamisha sikio akacheka peke yake.

Jumamosi walikuja watu kumi na tisa. Mbaazi zilikatwa, zikakusanywa, zikapigwa kwa fimbo juu ya turubai. Saa tisa alasiri Edda alichuja pombe, akaleta kibuyu, akapiga magoti. Mbele yake alikaa Mzee Parsitau, jirani mgumu wa kusifu. Watu wakamwangalia. Octavian naye alishika mkono wa kiti.

Edda alijua kila punje iliyomo. Alikunywa funda moja, kisha, bila kuombwa, akanywa la pili.

"Ee, huyu atatumalizia!" mtu akasema, na watu wakacheka.

Mzee Parsitau alipokea kibuyu. Akanywa. Akafuta midomo. Akanywa tena.

"Marehemu mkweo alikufundisha lini?" aliuliza.

"Alinifundisha Bibi Jovita, mzee."

"Basi pombe kama hii hainywewi bure. Shamba liko wapi? Bado kuna mstari mmoja kule mwisho."

Halidi alimaliza togwa yake, akawa wa kwanza kusimama. Jua lilipokaribia kuzama, shamba lilikuwa limebaki mabua matupu.

Mwaka ule mahindi mapya hayakurundikwa sakafuni. Yalianikwa mpaka punje ikavunjika kwa jino, yakapangwa juu ya chaga za mbao. Na nyuma ya mlango hapakuwekwa tena gunia la peke yake. Mgeni akiuliza mahindi ya pombe yako wapi, Octavian humwonyesha yale ya ugali.

"Ni hayohayo," husema. "Kwani tumbo ni lingine?"