Mama Viti Adai Waranti ya Pikapu

Mama Viti hakuwa na mchezo na uchafu. Kazi yake ilikuwa kukodisha viti na mahema kwa ajili ya harusi na mikutano. Alizoea kusema, "Mteja anatuona kabla hatujashuka garini." Basi kila jioni aliiosha pikapu yake. Hakuosha juu tu kama watu wengine. Aliingiza mpira wa maji mpaka uvunguni, akasukuma tope, vumbi na kila kilichoshika huko. Majirani walimtania kwamba siku moja ataipaka poda.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona mahema na vitambaa vyeupe vya kuvalisha viti. Mtaani walimwita Sentimita, maana hakuna kitu alichokubali kwa macho tu. Alipima nguo, alipima milango, na walimsingizia kwamba hata mkate anaukata kwa rula. Kila asubuhi, kabla gari halijawashwa, Sentimita alifungua boneti. Alichomoa kijiti cha chuma akapima oili ya injini, kisha akachomoa kijiti cha pili na kupima oili ya giaboksi.

"Imejaa, mama," alisema. "Twende kazini."

Pikapu hiyo ilikuwa ya otomatiki, gari lisilo na klachi. Giaboksi yake hubadilisha gia yenyewe, na haiwezi kufanya hivyo bila oili yake maalumu. Waliinunua mpya na ilikuwa bado na waranti. Waranti ni ahadi ya kiwanda. Kitu kikiharibika kwa kosa la kiwanda kabla muda haujaisha, kampuni hukitengeneza bila kumtoza mwenye gari.

Siku moja walipakia viti vya mkutano. Mama Viti ndiye aliyekuwa akiendesha. Walipofika kwenye mlima mdogo, alikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, lakini gari halikusogea.

"Kanyaga!" alisema Sentimita.

"Nimekanyaga mpaka kiatu kinataka kutoboka!"

Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Mama Viti akazima gari. Viti vilimalizia safari kwa mkokoteni, na vilipofika mkutano ulikuwa umeanza. Wageni walikuwa wamesimama wakimtazama. Mama Viti aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Pikapu ilivutwa mpaka kwenye kampuni iliyowauzia. Meneja wa huduma alichomoa kijiti cha giaboksi, akakinusa.

"Oili imeungua," alisema. "Nani aliwabadilishia?"

"Fundi wa gereji ya mtaani kwetu," alijibu Mama Viti.

"Basi tumemaliza. Mmefanya sevisi nje, mkaweka oili isiyofaa, giaboksi imekufa. Waranti haihusiki hapa. Saini kwamba umekubali, tutengeneze kwa gharama yenu."

Gharama aliyoitaja ilimshtua Mama Viti. Yeye mwenye viti, siku hiyo alitafuta pa kukaa. Kulipa kiasi hicho kulimaanisha kuuza mahema yote. Bila mahema hakuna kazi, na bila pikapu pia hakuna kazi. Akainua kalamu.

Sentimita akamshika mkono. "Ngoja, mama. Mimi sikati kitambaa kabla ya kupima. Na hapa hakuna kilichopimwa. Gari limenuswa tu!"

Meneja hakucheka. Wakaondoka bila kusaini, pikapu ikavutwa hadi nyumbani.

Jirani yao alikuwa mwanamke aliyefundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Jioni ile alipita, akawakuta wamekaa barazani, hakuna anayesema.

"Mbona kimya? Kuna msiba?"

"Afadhali msiba, watu wangekuja kukodi viti," alisema Mama Viti, kisha akaanza kulia. Alimweleza yote huku akijifuta machozi kwa kanga.

Mwalimu alimwacha amalize. "Kitabu cha waranti mmekisoma?"

"Nimekitunza vizuri kabatini," alisema Sentimita.

"Sijauliza umekitunza wapi, shemeji. Nimeuliza kama mmekisoma."

Sentimita alikwenda kukileta. Wakakisoma pamoja, polepole, neno kwa neno. Kitabu kilisema kwamba sevisi inaweza kufanywa katika gereji yoyote yenye ujuzi, ilimradi oili iwe ya aina iliyoandikwa humo na mwenye gari awe na ushahidi. Kilisema pia kwamba kampuni inaweza kukataa dai ikiwa oili isiyofaa ndiyo iliyoleta uharibifu.

"Mmeona?" alisema Mwalimu. "Kufanya sevisi nje peke yake hakujaua waranti yenu. Lakini vitabu havifanani. Kingine kinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Ndiyo maana kila mtu asome cha gari lake, asisikilize cha jirani. Sasa, mliweka oili gani?"

Sentimita aliingia ndani, akarudi na dumu dogo lililokatwa juu. Lilikuwa limejaa vifungo vya mashati. Akavimwaga mezani. Upande wa dumu, jina na aina ya oili vilisomeka bila shida.

"Nilikwenda dukani na hicho kitabu mkononi, nimefungua ukurasa wa oili tu," alisema. "Muuzaji akaniambia chukua hii nyingine, ni rahisi, zinafanana. Nikamwambia hata uzi mweupe na uzi wa rangi ya maziwa vinafanana, lakini shati linajua! Na risiti ninayo."

Mwalimu alilinganisha maandishi ya dumu na ya kitabu. Yalikuwa sawasawa.

"Hapo umenifurahisha, shemeji. Haya, na kupima unapimaje?"

Sentimita akavuta kifua mbele. "Kila asubuhi, gari likiwa limelala, kabla ya kuwashwa. Kama lori letu la zamani."

"Hapo sasa umeniudhi."

Mwalimu alimwonyesha ukurasa wa kitabu. "Unavyopima injini sivyo unavyopima giaboksi hii. Gari likizimwa, oili iliyokuwa ikizunguka juu inashuka yote chini. Kijiti kinaonyesha imejaa, kumbe imepungua. Kwa gari lenu, kitabu kinasema upime baada ya safari, oili ikiwa ya moto. Simamisha mahali tambarare, vuta breki ya mkono. Mwenzako akanyage breki ya mguu, apitishe gia zote taratibu, arudishe kwenye herufi P, ile ya kuegesha. Injini isizimwe. Ndipo uchomoe kijiti, ukifute, ukirudishe, ukichomoe tena na kusoma."

"Kwa hiyo miezi yote hii nimejidanganya?" Sentimita aliuliza kwa sauti ndogo. Iliuma, kwa mtu aliyejivunia vipimo vyake.

"Kijiti kilikudanganya, na wewe ukakiamini. Wengi wanakosea hapo. Na yapo magari yasiyo na kijiti kabisa, hayo hupimwa na fundi tu."

Mama Viti alikuwa bado anafikiri. "Lakini Mwalimu, hiyo oili imekwenda wapi? Sijaona hata tone."

Mwalimu aliinama, akamulika uvunguni kwa tochi. Kulikuwa safi kuliko jikoni kwa watu wengine.

"Nani anaosha huku?"

"Mimi mwenyewe, kila jioni!" alisema Mama Viti kwa fahari.

"Dada yangu, umekuwa ukiosha ushahidi."

Mama Viti akafunika mdomo kwa mkono. Sifa yake kubwa mtaani ilikuwa imemponza.

Mwalimu akatoa maagizo. Waliongeza oili ya aina ile ile, wakaacha injini iungurume mpaka oili ikapata moto, wakapima kama kitabu kinavyotaka. Injini iliachwa iendelee kuunguruma pale pale kwa muda mfupi, kisha ikazimwa. "Sasa nipe kitambaa cheupe tutandike chini, na leo usioshe."

"Cheupe? Vitambaa vyangu vya harusi?"

"Unataka kitambaa au unataka giaboksi?"

Mama Viti alileta kitambaa huku anagumia.

Asubuhi aliamka wa kwanza. Majirani walisikia kelele, wakadhani mwizi. Katikati ya kitambaa kulikuwa na doa pana, wekundu uliochanganyika na kahawia. Oili ya giaboksi hiyo huwa nyekundu ikiwa mpya, na ikiungua hugeuka kahawia.

Mwalimu alilala chini, akamwita Sentimita alale pembeni yake. "Tone linatoka pale, injini inapokutana na giaboksi. Ndani kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke. Sasa tazama boliti zinazounganisha hapo. Unaona nini?"

"Michirizi ya rangi ya njano."

"Ni alama ya kiwanda. Boliti ikifunguliwa, mchirizi unakatika. Hii haijakatika. Fundi wenu alifungua kifuniko cha chini tu. Hapa juu hajapagusa, wala mtu mwingine yeyote."

Mwalimu alikuwa na darasa siku hiyo. "Nendeni wenyewe," alisema. "Mnajua mnachokwenda kusema."

Walikwenda. Sentimita alibeba dumu, Mama Viti alikunja kitambaa kwapani, na pikapu ikavutwa nyuma yao. Meneja alipowaona alishusha pumzi. "Mmekuja kusaini?"

"Tumekuja kuonyesha," alisema Mama Viti, akatandaza kitambaa juu ya meza yake, juu ya karatasi zake zote.

Sentimita aliweka dumu na risiti juu ya kitambaa. "Hii ndiyo oili tuliyoweka. Linganisha na kitabu chenu."

Meneja alilinganisha. Alirudia tena kulinganisha. "Sawa, oili ni yenyewe. Lakini mliendesha ikiwa imepungua. Huo ni uzembe."

"Kupima tulikosea, na kuosha nimeosha," alisema Mama Viti. "Lakini maji yangu hayakutoboa sili. Lipandishe gari juu uone boliti za hapo. Kama kuna mkono uliofungua pale, ni wa kwenu kiwandani."

Gari likapandishwa. Meneja alisimama chini yake, kichwa juu, akiangalia mchirizi mmoja baada ya mwingine. Mafundi wake walikuja nao wakaangalia. Hakuna mchirizi uliokatika, na tone jingine likamdondokea meneja begani.

Alijifuta, akageuka. "Mama, nilikosea kuamua kabla ya kuangalia. Sili ina kasoro ya kiwanda. Nitapeleka dai lenu mwenyewe."

Dai lilikubaliwa. Giaboksi mpya ilifungwa chini ya waranti, na wao hawakutoa hata senti. Siku ya kuchukua gari Mama Viti alipiga vigelegele palepale mapokezi, na wateja wasiomjua wakapiga makofi. Sentimita alilia, akasingizia vumbi.

Tangu hapo mambo yamebadilika nyumbani kwao. Wakirudi kutoka kazini jioni, Mama Viti hubaki kwenye usukani akikanyaga breki, injini ikiunguruma. Sentimita husoma kijiti kikiwa cha moto. Kisha wote wawili huinama kuangalia uvunguni, na hapo ndipo mpira wa maji hufunguliwa. Oili huibadilisha mapema zaidi, kwa sababu kitabu kinasema gari linalobeba mizigo mizito lisingoje. Fundi wa mtaani huandika kwenye risiti aina ya oili na kilomita za gari. Viti havijachelewa tena hata mara moja, na sasa wameongeza hema kubwa.

Mwaka uliofuata walirudi kwenye kampuni ile kwa ukaguzi wa kawaida. Mlangoni walipishana na mwuza maji wa mtaani kwao, ameinamisha kichwa, funguo za pikapu mkononi.

"Ndugu yangu, unakwenda wapi?" aliuliza Mama Viti.

"Nyumbani. Giaboksi imekufa. Karani amesema nilifanya sevisi nje, waranti haihusiki."

"Wameangalia nini mpaka wakasema hivyo?"

Mwuza maji alifikiri. "Hawajaangalia kitu."

Mama Viti akamshika mkono, akamrudisha ndani. Meneja aliinua macho, akawaona wote watatu wanakuja, akasimama kabla hawajafika mezani.

"Leteni hilo gari ndani," aliwaambia mafundi. "Lipandisheni juu, nakuja kuliangalia mwenyewe."